Farasi kijana anapopatwa na maradhi ya viungo

MMILIKI wa farasi hupigwa na butwaa anapoarifiwa na daktari wa mifugo kwamba mnyama wake wa miaka mitano, aliye mchangamfu na mwenye manyoya yang'aayo, ana ugonjwa wa viungo. Farasi aliyetunzwa vyema huweza kuishi miaka 25 au zaidi. Huyu basi angali kijana, na maradhi haya wengi huyahusisha na uzee.

Mara nyingi anayeligundua tatizo kwanza si daktari wala mmiliki, bali saisi. Ndiye anayemwona farasi akitoka zizini asubuhi kwa hatua fupi, mguu wa nyuma ukikokota ncha ya ukwato, kisha akinyooka baada ya kutembea kidogo. Aghalabu maelezo yake hupuuzwa, na miezi hupotea bure.

Mifupa inapokutana hufunikwa na gegedu, tabaka telezi linalozuia msuguano. Gegedu halina mishipa ya damu, hivyo likilika haliponi kama kidonda cha ngozi. Mfupa ulio chini yake huumia, na kiungo huanza kuota vinundu.

Kwa farasi wachanga, chanzo kimoja ni hitilafu ya ukuaji ambapo sehemu ya gegedu hukosa kugeuka kuwa mfupa imara, na pengine kipande hubanduka. Urithi, ukuaji wa kasi, nafaka nyingi kupita kiasi na upungufu wa madini ya shaba huchangia. Kipande hicho huweza kuondolewa kwa upasuaji wa tundu dogo, na wengi wa wanaotibiwa mapema hurejea kazini.

Chanzo kingine ni kazi nzito mapema. Farasi wa mashindano, wakiwemo wanaokimbia katika uwanja wa Ngong jijini Nairobi, huweza kuanza mbio wakiwa na miaka miwili. Wanapostaafu, baadhi huuzwa wawe wa kupandwa kwa burudani, na mnunuzi hurithi miguu iliyokwisha kutumika.

Ili kubaini penye maumivu, daktari huukunja mguu kwa takriban dakika moja kisha farasi hukimbizwa polepole. Huweza pia kuutia ganzi sehemu kwa sehemu kabla ya kupiga picha za eksirei. Ikumbukwe kwamba picha haipimi maumivu. Kuna farasi ambao viungo vyao vinatisha pichani lakini hawachechemei, na wengine picha zao ni safi ilhali wanateseka.

Kosa linalofanywa na wengi baada ya kupewa habari hizo ni kumfungia mnyama zizini kwa huruma. Kiungo kisichosogezwa hukakamaa zaidi. Farasi wa aina hii hufaidika akiachwa malishoni kutwa, na akipandwa, atembezwe kwanza kwa dakika 10 au 15. Barabara ngumu za murram, mizunguko ya karibu karibu na kuruka vizuizi ni mambo ya kuepukwa. Unene nao ni adui, kwani kila kilo ya ziada hubebwa na kiungo hicho hicho. Kwato zikatwe na kusawazishwa kila baada ya majuma sita hivi.

Dawa zipo. Sindano ndani ya kiungo hutuliza uvimbe kwa miezi kadhaa, na fenilbutazoni hupunguza maumivu, ingawa ikitumiwa ovyo huleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Dawa hiyo ndiyo pia kichaka cha walaghai, kwani farasi mgonjwa huweza kupewa dozi siku ya kuuzwa akaonekana mzima. Mnunuzi mwerevu huomba damu ya farasi ipimwe.

Kuna jambo moja la kutia moyo. Ugonjwa ukiwa katika viungo vya chini vya kifundo cha mguu wa nyuma, ambavyo husogea kidogo sana, mifupa huweza kushikana yenyewe. Ikishashikana, maumivu hupungua, na farasi huweza kupandwa tena kwa kazi nyepesi. Hilo huchukua miezi mingi, hata miaka, na si wote wanaofika huko.

Uamuzi mgumu zaidi humhusu farasi asiyepata nafuu. Anayelala kuliko kawaida, anayekonda licha ya kulishwa, na anayekataa kumwinulia fundi wa kwato mguu kwa sababu hawezi kusimama kwa ule mwingine, anaumia hata asipofanya kazi yoyote. Ndiyo maana baadhi ya madaktari humtaka mmiliki na saisi waandike kila siku jinsi mnyama alivyotoka zizini. Siku ya kuamua ikifika, kumbukumbu hizo husema kweli kuliko moyo wa mwenye kumpenda.