Malaria Huwafungulia Bakteria Mlango

Kina mama wa Pwani twaijua malaria kwa homa yake. Lakini pia huwafungulia bakteria mlango waingie damuni mwa mtoto, na hao huua upesi. Kilichofichua siri hii ni urithi. Mtoto aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja haugui selimundu, na hukingwa mno na malaria kali. (Akirithi kwa wazazi wote wawili huugua; si neema tupu.) Utafiti wa Kilifi, uliochapishwa mwaka wa 2011, ulionyesha kuwa watoto hao waliokingwa na malaria walipatwa na bakteria damuni kwa nadra pia. Malaria ilipopungua huko, Alhamdulillahi, maradhi hayo ya damu nayo yakapungua. Kumbe enzi malaria ilipotamalaki, zaidi ya nusu yake yalianzia kwa mbu.