Leza Inayoandika Nje ya Uwanja Wake

Chupa ya maji inapita kwenye mkanda wa kiwandani kwa kasi ya mita moja kwa sekunde, bila kusimama. Pembeni kuna kisanduku kinachotoa mwale wa leza usioonekana kwa macho. Chupa ikishapita hapo, tarehe ya mwisho wa matumizi imekwisha chomwa kwenye plastiki, na herufi zote zimenyooka. Kama kazi hiyo ilichukua sehemu ya kumi ya sekunde, chupa ilisogea sentimita 10 kati ya herufi ya kwanza na ya mwisho. Ilikuwaje maandishi yasilale wala kuvutika?

Ndani ya kisanduku mna vioo viwili vidogo, kila kimoja kikigeuzwa na mota yake iitwayo galvanometa. Kimoja hupeleka mwale kulia na kushoto, cha pili juu na chini. Kioo cha namna hii kina historia ndefu kuliko leza: mwaka 1858 William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alitumia galvanometa ya kioo kusoma ishara hafifu za telegrafu zilizopita chini ya Bahari ya Atlantiki. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwezi Mei 1960.

Kioo hakijui milimita, kinajua pembe tu. Kikigeuka nyuzi 5, mwale hupinda nyuzi 10; na kadiri mwale unavyoelekea ukingoni, ndivyo pembe ileile inavyousogeza umbali mrefu zaidi. Tena vioo viwili haviwezi kukaa mahali pamoja, hivyo kimoja huwa mbali zaidi na kazi kuliko mwenzake. Iagize mashine ichore mraba bila masahihisho, nao utatoka na kingo zilizopinda. Lenzi maalumu hupunguza kosa hilo. Linalobaki hushughulikiwa na fundi: huchoma safu za nukta kwenye sahani, huzipima, kisha tofauti kati ya mahali nukta ilipotakiwa na mahali ilipoangukia huingizwa kwenye jedwali la masahihisho.

Sasa tuseme kifaa kinachotakiwa kuchorwa kimewekwa upogo kwa nyuzi 2. Nukta iliyo milimita 50 kutoka katikati itakosewa kwa takriban milimita 1.7, kosa kubwa kwa kazi ya leza. Hakuna haja ya kukigusa kifaa. Kamera hutafuta alama mbili zilizo juu yake, na kadi ya kuongozea, yaani ile ya kielektroniki inayoviamuru vioo, hugeuza majiranukta ya mchoro mzima: namba nne hutosha kuzungusha, kukuza au kupindua, na mbili zaidi husogeza. Mpangilio wa hatua ni jambo la kuzingatiwa sana. Mageuzo haya lazima yatangulie, jedwali la masahihisho lifuate. Makosa ya vioo hayageuki pamoja na mchoro. Anayezungusha baada ya kusahihisha huzungusha na masahihisho yenyewe, na nukta huangukia pasipo pake.

Katika XY2-100, itifaki ambayo kadi hutumia kuwasiliana na vioo, mahali papya hutumwa kila mikrosekunde 10. Kwa muda huo chupa yetu husogea mikromita 10. Enkoda iliyofungwa kwenye mkanda huhesabu mwendo, na kadi huujumlisha kwenye kila nukta kabla ya kuipeleka kwenye vioo. Mwale hufuatana na chupa huku ukiandika.

Hapo ndipo mlango wa eneo kubwa unapofunguka. Lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 160 hutoa uwanja, yaani eneo ambalo mwale unaweza kulifikia, wa takriban milimita 110 kwa 110. Ukiongeza urefu huo maradufu, uwanja hupanuka maradufu, lakini upana wa nukta ya mwale nao huongezeka maradufu na ukali wake hushuka hadi robo. Kwa hiyo wahandisi huupanua uwanja katika hesabu. Kadi hutunza namba kubwa kuliko zile ambazo vioo vinaweza kuzitii. Biti nne za ziada hufanya uwanja wa hesabu kuwa mpana mara 16. Mchoro unaweza kuwa na urefu wa mita nzima, mradi kila nukta iwe mbele ya vioo wakati wa kuchomwa.

Mashine nyingine huweka kazi juu ya meza inayosogea. Kama mwalimu anayeandika ubaoni, vidole vikiunda herufi huku miguu ikimsogeza, vioo vyepesi huchukua miondoko ya haraka na meza nzito huchukua ile ya polepole. Programu hugawa mwendo kati yao, na jumla yake hubaki mstari uliokusudiwa.

Kazi huwa ngumu zaidi kwenye uchapaji wa vyuma, ambako leza huyeyusha unga wa chuma tabaka kwa tabaka. NXG XII 600, mashine iliyotolewa na SLM Solutions ya Ujerumani mwaka 2020, ina leza 12 juu ya kitanda kimoja cha unga wa chuma chenye milimita 600 kila upande. Kila leza ina uwanja wake na mageuzo yake. Mahali nyanja zinapopandana, leza mbili zinatakiwa kuafikiana nukta moja iko wapi, la sivyo mshono hujitokeza kwenye chuma. Na kwa kuwa vioo na mota hubadilika kidogo vinapopata joto, upimaji hurudiwa mara kwa mara, na namba za kusogeza na kukuza hurekebishwa upya kwa kila leza.