Orienteering: Mbona Ukiingia Msitu Kabla ya Mbio Unatolewa?

Msee, KCSE iko kesho na deskmate wako ashaona paper. Utakubali? Hiyo ndio noma orienteering inajaribu kuzuia.

Hii mchezo ilianzia Norway na Sweden. Unapewa ramani na dira, unasaka vituo msituni, wa kumaliza haraka ndiye bingwa. Ramani unaiona tu saa yako ikianza kuhesabu. Sasa kama ulipita hapo wiki jana, ushajua kichaka gani hakipenyeki. Wenzako wanasimama kufikiria, wewe unachapa mbio tu.

Ndio maana IOF, shirikisho la dunia, lina sheria: eneo la mashindano likichaguliwa, linafungiwa wakimbiaji. Ukiingia bila ruhusa ya waandalizi, unaweza kutolewa.

Na mwenye anaishi hapo je? Huwezi mfungia mtu kwao. Kwa hivyo ramani za zamani za eneo huonyeshwa wote, na wageni hupewa mahali pa mazoezi panapofanana.

Mbio za mjini ndio balaa, juu vichochoro unaweza kuvizunguka kwa Google Street View ukiwa kitandani. Hapo hakuna soja wa kukushika. Ni wewe na roho yako.