Mita 15 Kutoka Relini

Reli ilifika Korogwe mwaka 1902. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, wakafika Muheza mwaka 1896, fedha zikawaishia, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua kazi hiyo kutoka kwa kampuni iliyoshindwa. Mombo ilifikiwa mwaka 1905, Moshi mwaka 1911, na Arusha ikasubiri enzi ya Mwingereza hadi mwaka 1929. Kisha mwaka 1963 kikajengwa kipande cha kutoka Mnyuzi, ndani ya wilaya ya Korogwe, hadi Ruvu, na reli ya Tanga ikaungana na Reli ya Kati. Tangu hapo mzigo wa treni unaotoka Moshi kwenda Dar es Salaam lazima upite Korogwe.

Mji uliotokea hapo umekua ukiiegemea njia hiyo. Mkonge ulitaka reli, reli ikataka vibarua, na vibarua wakataka chai, wali, nguo za mitumba na mahali pa kulaza ubavu. Anayeuza huenda waliko wanunuzi, na wanunuzi walikuwa stesheni.

Halafu treni zikanyamaza. Za abiria zilitangulia, za mizigo zikafuata, na kwa zaidi ya miaka 10 nyasi ziliota kati ya mataruma kuanzia Pwani hadi Kilimanjaro. Njia isiyopitwa na treni hugeuka haraka kuwa njia ya watu. Wanafunzi hupita wakienda shule, mtu hulima tuta la mchicha, mwingine husimamisha banda la kuuzia mkaa, na banda likishavumiliwa miaka mitatu huongezwa chumba cha kulala. Mwaka 2019 treni ya mizigo ilirudi hadi Moshi, na kabla ya mwaka kwisha ya abiria nayo ikarudi. Katika miji yote ya njia hiyo swali moja lilirudi pamoja na honi: walioko kando ya reli waende wapi?

Kisheria jibu ni fupi. Hifadhi ya reli ni mita 15 kila upande mjini na mita 30 vijijini, na aliyejenga humo anahesabiwa kuwa mvamizi. Mvamizi hupewa notisi, huchorewa alama ya X nyekundu ukutani, na muda ukiisha hubomolewa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Dar es Salaam mwaka 2017, pale RAHCO, iliyokuwa mmiliki wa miundombinu ya reli kabla ya kuunganishwa katika Shirika la Reli Tanzania (TRC), ilipobomoa nyumba kandokando ya Reli ya Kati. Mwaka huohuo nyumba nyingi zilibomolewa kandokando ya Barabara ya Morogoro, Kimara hadi Mbezi, pia kwa hoja ya hifadhi, na pia bila fidia.

Hoja ya usalama ni ya kweli na haifai kubezwa. Treni ya mizigo haifungi breki kama bodaboda. Ikishashika kasi inahitaji mamia ya mita ili isimame, na mtoto anayecheza kwenye tuta hana mamia ya mita. Hata mjenzi wa reli anahitaji nafasi ya kuchimba mtaro na kubadili taruma. Tatizo linaanzia katika namna ya kuwahesabu watu: mita zinapimwa kwa uangalifu mkubwa, watu walio ndani ya mita hizo hawapimwi kabisa.

Aliye na haki ya ardhi anayo sheria ya kumlinda, na inafaa msomaji aijue. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na kanuni zake za fidia za mwaka 2001 zinasema mthamini asiishie kwenye thamani ya kiwanja na jengo. Aongeze posho ya usumbufu. Aongeze posho ya usafiri, inayopigiwa hesabu kwa mzigo wa tani 12 kwa umbali wa hadi kilomita 20. Aongeze posho ya makazi, ambayo ni kodi ya soko kwa mwezi mara miezi 36. Nyumba ambayo ingepangishwa kwa shilingi 50,000 inazaa shilingi 1,800,000 kwa kipengele hicho peke yake. Mwenye biashara aongezewe faida halisi ya miezi 36. Malipo yakipita miezi 6 baada ya uthamini, riba inaanza kuhesabiwa, na kwa mujibu wa Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 uthamini uliokaa zaidi ya miaka 2 ni lazima urudiwe. Kifungu hicho cha mwisho kilikuwa na sababu zake. Wakazi wa Kipawa, jirani na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, walithaminiwa mwaka 1997 na wengi wakakaa zaidi ya miaka 10 wakisubiri, hawawezi kuendeleza nyumba wala kuiacha.

Sasa mchukue mama lishe wa kando ya reli uone sheria hiyo nzuri inavyompita. Kiwanja si chake. Banda ni la mabati na mirunda, thamani yake ikiandikwa haifiki bei ya mbuzi wawili. Kwa faida ya miezi 36 anaweza kudaiwa hesabu zilizokaguliwa, na hesabu zake ziko kichwani na katika daftari la madeni ya vibarua. Chumba anacholala amepanga, na mpangaji kwa kawaida haandikwi. Habari ya kuhama huipata kwa mwenye nyumba, tena jioni. Kwenye karatasi hajapoteza chochote. Kwa kweli amepoteza kazi, makazi, wateja wa mkopo na jirani anayemtazamia watoto, vyote kwa siku moja.

Hapo ndipo Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi, inapokuwa na la kufundisha. Mwaka 2004 Shirika la Reli la Kenya liliwapa notisi ya siku 30 watu walioishi na kufanya biashara ndani ya mita 30 za reli ya Nairobi, huko Kibera na Mukuru. Kelele zilisikika hadi mbali, kazi ya kuwaondoa ikasimama, na wahusika wakaenda Mumbai kutazama jinsi wenzao walivyofanya. Huko kaya za kando ya reli za mjini zilikuwa zimeanza kujihesabu zenyewe zamani, zikisaidiwa na shirika la SPARC, shirikisho la wakazi wa mabanda na vikundi vya akina mama vya Mahila Milan. Februari 2000 mamlaka ya reli ilibomoa maelfu ya vibanda, na ni kwa sababu orodha zilikuwepo tayari kwamba watu waliweza kudai makazi mbadala. Katika mradi wa usafiri uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2002, kaya zaidi ya 15,000 zilihamishiwa kwenye maghorofa, kila moja ikipata nyumba ya takriban mita za mraba 21.

Nairobi ilichukua mbinu ileile. Shirika la Pamoja Trust pamoja na wakazi wenyewe walipita mlango kwa mlango, wakaandika vibanda, wakapiga picha, wakatofautisha mwenye kibanda, mpangaji na mfanyabiashara, kisha orodha ikabandikwa mtaani ili anayeona jina la uongo aseme. Kazi hiyo ya kubandika ndiyo kiini. Ofisa akiwa peke yake anaweza kudanganywa, lakini mtaa mzima unajua nani alihamia juzi kufuata fidia. Orodha ilipokaa sawa, wahandisi nao walilegeza kamba: badala ya mita 30 kila upande, ukanda wa usalama ulipunguzwa hadi mita 10, ukapangiwa ukuta na vivuko vya waenda kwa miguu, na nyumba na maduka ya wanaohamishwa yakajengwa palepale jirani. Haikwenda kama maji mtelemkoni. Machi 2010 notisi nyingine ya siku 30 ilitolewa na kuzua hofu upya, na miaka ilipita kabla ya funguo za kwanza kukabidhiwa. Hata hivyo, aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga Kibera aliendelea kuuza Kibera.

Baada ya swali la kuhesabu kuna la pili, ambalo wapanga miradi wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa: la mahali watu wanakohamishiwa. Kwa hilo hakuna haja ya kwenda Nairobi. Jirani na Korogwe kuna Handeni.

Tangu Juni 2022 serikali imekuwa ikihamishia familia kutoka Ngorongoro katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni. Huo ni uhamisho wa wafugaji kutoka hifadhini, hauhusiani na reli, lakini ni mradi mkubwa wa makazi mapya uliofanyika karibuni katika mkoa wa Tanga, na kwa vipimo vya majengo ulitoa zaidi ya ambavyo mkazi yeyote wa kando ya reli amewahi kuahidiwa: nyumba ya vyumba vitatu, kiwanja kinachozidi ekari 2, shamba la ekari 5, shule, zahanati na maji. Serikali inasema waliohama wamehama kwa hiari. Mashirika ya haki za binadamu yanapinga, yakieleza kwamba huduma Ngorongoro zilipunguzwa hadi kubaki kukawa kugumu. Ubishi huo umeandikwa sana. Usioandikwa vya kutosha ni ule wa Msomera kwenyewe. Ardhi ile haikuwa tupu. Walikuwepo watu wakifuga na kulima, na baadhi yao wamelalamika kwamba maeneo yao yaligawiwa wageni. Kuna pia kosa la kipimo: nyumba moja ya vyumba vitatu kwa mwanamume mwenye wake kadhaa, ambaye kwa mila kila mke ana boma lake, ni nyumba iliyochorwa na mtu asiyeuliza kaya ni nini.

Handeni hiyohiyo ina kisa cha aina nyingine, na ni haki kukitaja. Wazigua waliochukuliwa utumwani karne ya 19 wakapelekwa Somalia walikaa kandokando ya Mto Juba, wakatunza Kizigua chao kwa vizazi. Vita vya mwaka 1991 vilipowafukuza, baadhi yao walipanda majahazi wakashukia Tanga. Walikaa kwanza kambi ya Mkuyu, na mnamo mwaka 2003 wakahamishiwa makazi ya Chogo, wakapewa ardhi ya kulima, na baadaye wengi wao wakapata uraia wa Tanzania. Waliofika waliikuta lugha yao inazungumzwa na wenyeji. Ilikuwa bahati ya historia, ndiyo, lakini inaonyesha mambo mawili yanayoweza kupangwa: ardhi ya kuzalisha chakula mapema, na mahusiano na mwenyeji kabla mgeni hajateremsha mizigo.

Mtu wa mjini hata hivyo hahitaji ekari 5. Anahitaji kuwa karibu na wateja wake. Wakazi wa Kurasini, Dar es Salaam, walipoondolewa kupisha upanuzi wa bandari, baadhi yao waliojiunga katika shirikisho la wakazi maskini wa mijini waliweka akiba pamoja, wakaanzisha chama cha ushirika na kununua ekari 30 Chamazi, wakisaidiwa na Kituo cha Mipango ya Jamii, CCI. Walijenga nyumba zinazoanza ndogo na kuongezwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Ni mfano wa kujivunia. Lakini Chamazi iko mbali na bandari, na kibarua aliyekuwa akitembea kwa miguu kwenda kazini sasa analipa nauli mara mbili kila siku, hata siku anayorudi bila kazi. Mumbai nako baadhi ya maghorofa yalijengwa pembezoni, na kaya zikalemewa na nauli pamoja na gharama za lifti na pampu za maji ambazo kibandani hazikuwepo.

Korogwe bado ina nafasi ambayo Dar es Salaam ilishaipoteza. Serikali imekuwa na mpango wa reli ya kisasa kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma, na reli ya kisasa huhitaji kona pana na uzio, kwa hiyo itadai ardhi kubwa kuliko ile ya Mjerumani. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, linalopita pia Handeni na Korogwe, limeshawaonyesha watu wa eneo hili kwamba fidia inaweza kuwa nyumba badala ya fedha, na chakula cha msaada hadi mavuno ya shamba jipya. Viwango vya wakopeshaji wa kimataifa viko wazi zaidi ya kanuni za nchini: hata asiye na haki ya ardhi hulipwa banda lake na kusaidiwa kurudisha kipato, mradi alikuwepo kabla ya tarehe ya mwisho ya kuandikisha. TRC au halmashauri nazo zingeweza kufikiria kufanya hivyo kwa fedha za ndani.

Ardhi nayo ipo. Mashamba ya mkonge yaliuzunguka mji huu mapema, na yalianzishwa kando ya reli kwa sababu singa zilisafirishwa kwa treni. Kadhaa yaliyotelekezwa wilayani Korogwe yamefutiwa hati na kurejeshwa kwa umma. Kipande kidogo cha ardhi ya namna hiyo, kikipimwa viwanja vidogo vyenye fremu za biashara upande wa mbele na njia ya miguu ya kufika stesheni, kingetosha watu wengi kuliko wanaosimama leo ndani ya mita 15.

Kuhesabu kungeanza kabla mhandisi hajachomeka kigingi chake cha kwanza. Mwenyekiti wa mtaa, vijana wawili wenye simu za kupigia picha na mama mmoja wa kikundi cha kuweka akiba wanaweza kumaliza mtaa kwa wiki chache. Wangepita mchana kuandika biashara, na wangerudi usiku, taa zikishawaka, kuandika wanaolala.