Hiace ya mizigo kuwa chumba cha kazi Upareni: piga hesabu kabla ya kitanda

Ukifanya utafiti wilayani Same, kazi yako inaweza kuwa sehemu mbili zisizofanana kabisa. Asubuhi uko tambarare, kwenye vichaka vikavu vya upande wa Mkomazi. Kesho yake uko juu, pembeni mwa msitu wa Chome, umevaa sweta. Mjini gesti zipo. Kule juu ukichelewa kushuka, ni wewe na ukungu. Ndiyo maana wazo la kuchukua Hiace ya mizigo, kuondoa kila kitu nyuma na kuweka kitanda na stoo ya vifaa linavutia sana.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tukiwaza gari la kulala tunaanza na kitanda. Kitanda ni kazi ya seremala, siku mbili kimeisha. Mambo yanayoamua kama gari litakaliwa hayaonekani kwenye picha: joto, unyevu, hewa na uzito. Na mawili ya mwisho yanaweza kukuua.

Gari moja, hali ya hewa mbili

Mji wa Same uko mita zipatazo 860 juu ya usawa wa bahari. Shengena, kilele kirefu kuliko vyote Upareni, kina mita 2,462. Kwa wastani, kila ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 au 7 za Selsiasi. Kwa hiyo kati ya stendi ya Same na kileleni kuna tofauti ya nyuzi kama 10.

Halafu kuna mvua. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukikutana na milima hupanda, hupoa na kumwaga maji huko huko. Ukifika Same umeshakauka. Gari lako sasa linatakiwa lisikuoke huku chini na lisikulowanishe kule juu.

Joto: zuia jua kabla halijafika kwenye bati

Jua la saa sita mchana hushusha nishati ya karibu wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Paa la Hiace lina mita za mraba kama 6. Yaani ni kama pasi sita za umeme zimewashwa juu ya kichwa chako. Rangi nyeusi hunyonya sehemu kubwa ya nishati hiyo, nyeupe hurudisha nyingi angani. Kwa hiyo rangi ya paa si urembo.

Njia nyingine ni kivuli. Land Rover za zamani ziliweza kuwekewa paa la pili juu ya lile la kwanza, na nafasi ya hewa katikati. Paa la juu hupata moto, upepo hupita katikati na kuuondoa. Ukifunga paneli za sola zikiwa zimeinuliwa sentimita chache juu ya paa, unapata kitu kile kile bila gharama ya ziada. Sponji ya kwenye kuta inasaidia pia, ila elewa kazi yake: inachelewesha joto, haiondoi. Linaloondoa ni tundu la hewa.

Unyevu: maji yanatoka kwako mwenyewe

Mtu aliyelala hutoa maji kwa pumzi na ngozi, takriban gramu 40 kwa saa. Watu wawili kwa saa nane ni zaidi ya nusu lita. Sasa angalia upande wa pili: hewa ya nyuzi 15 haiwezi kushika zaidi ya gramu 13 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ndani ya Hiace kuna mita za ujazo 6 au 7, kwa hiyo hewa yote inashika chini ya gramu 100.

Hizo nyingine zinaenda wapi? Kwenye bati baridi, kisha nyuma ya plaiwudi, kwenye godoro na kwenye lenzi za kamera. Baada ya msimu mmoja una kutu na ukungu. Dawa yake ni matundu mawili yenye wavu wa mbu, moja chini na moja juu, yanayobaki wazi usiku kucha. Hewa ya uvuguvugu hutokea juu, mpya huingia chini. Ndiyo, utasikia baridi. Ongeza blanketi, usizibe tundu.

Hewa: jiko halilali ndani

Hapa ndipo watu wanapopoteza maisha. Baridi ya mlimani inakushawishi uingize jiko la mkaa ndani "kidogo tu, lipashe". Mkaa ukiungua kwenye hewa haba hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hemoglobini ya damu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Unasikia kichwa kizito na usingizi, unadhani ni uchovu wa kutembea msituni, unalala moja kwa moja. Mkaa usio na moshi ndio unaodanganya zaidi, maana moshi ungekuamsha. Pika nje. Na usilale huku injini inaunguruma.

Uzito: breki zinajua kila kilo

Ubao mmoja wa plaiwudi wa futi 8 kwa 4, unene wa milimita 18, una kilo kama 30. Mbao sita ni kilo 180. Dumu tatu za maji za lita 20 ni kilo 60, betri 30, watu wawili 140, na vifaa vya utafiti hujavihesabu. Unene wa milimita 9 unatosha sehemu nyingi na unapunguza mzigo nusu.

Kwa nini ujali? Chukua gari la kilo 2,500 linaloshuka mita 1,000 za wima, jambo la kawaida kwa anayetoka Mbaga au Mamba. Nishati inayotakiwa kuondolewa ni megajuli 24 na ushee, inayotosha kuchemsha karibu ndoo nne za maji za lita 20. Ukikanyaga breki njia nzima, joto hilo lote linaingia kwenye breki, na breki zikiungua hazishiki tena. Madereva wana kanuni yao: shuka na gia uliyopandia, injini ishikilie gari. Vitu vizito, yaani maji na betri, viwe sakafuni karibu na katikati. Kwenye keria weka vyepesi tu, maana kona za Upareni hazisamehe gari lenye uzito juu.

Umeme: betri ni ndiva

Wapare wana ndiva, mabwawa madogo yanayokusanya maji ya mfereji usiku ili mchana yafunguliwe mashambani. Betri ni ndiva ya umeme, ila yenyewe hujaa mchana. Betri ya asidi ya 12 V na 100 Ah ina saa-wati 1,200, lakini usitumie zaidi ya nusu kama unataka idumu. Una 600. Laptopu saa tatu ni 150, taa na simu 70. Friji ndogo ya sampuli ya wati 45, ikifanya kazi nusu ya siku, inakula 540 peke yake. Ndiva imekauka. Na juani Same paneli itajaza vizuri, ila kwenye ukungu wa Chome mfereji wenyewe ni mdogo. Kama sampuli zinaweza kukaushwa au kuhifadhiwa kwenye spiriti, achana na friji.

Ukifika kwa fundi

Mpangilio uwe huu: matundu ya hewa, rangi na kivuli cha paa, waya pamoja na fyuzi karibu na betri, sponji, plaiwudi, na mwisho kitanda. Kabla ya yote soma uzito ulioruhusiwa wa gari, na uliza TRA kuhusu kuandikisha mabadiliko. Baada ya yote lipeleke kwenye mizani likiwa limejaa kama la safari. Kumbuka pia kwamba kuwa na kitanda ndani ya gari si kibali: Mkomazi iko chini ya TANAPA, msitu wa Chome chini ya TFS, na kulala huko kunaombwa.