Mguu wa kuku kabatini, mtoto sebuleni!

Leo naomba tuweke pembeni michapo ya nani kaachwa na nani. Nina kisa kimoja nimekaa nacho tangu nikiwa darasa la tatu, na kwa miaka yote hiyo aliyekijua ni binamu yangu tu, maana siku hiyo tulikuwa wote.

Likizo ya mwezi wa sita nilipelekwa kwa baba mdogo. Alikuwa na duka la vipuri vya magari, mshiko wake si haba, nyumba ya geti na mbwa wawili. Wenzake wawili walipovamiwa na majambazi wakati wa kufunga mahesabu ya jioni, mzee akaomba kibali, akanunua bastola. Ule wenyewe, mguu wa kuku.

Sisi watoto tulijua. Hivi kuna mzazi anadhani anaweza kuingiza kitu kile ndani halafu watoto wasijue? Tena alituita sebuleni akatusomea sheria: "Nikimkuta mtu chumbani kwangu, nitamchapa mpaka ajute kuzaliwa." Basi, akaamini kazi imekwisha.

Siku ya tatu mama mdogo kaenda sokoni, dada wa kazi anafua uani. Sisi tumetoka kuangalia picha ya makomandoo, damu imechemka. Binamu akanishika mkono, moja kwa moja hadi chumbani. Kabati la nguo, droo ya chini, ndani ya soksi nyeusi.

Jamani, ile kitu ni nzito! Hakuna aliyewahi kuniambia. Kwenye video stelingi anaizungusha kidoleni kama kalamu. Nikaishika kwa mikono miwili, nikamlenga binamu kifuani, nikatoa sauti ya mdomo: "Ta! Ta! Ta!" Naye akajiangusha kitandani, macho kayafumba, ulimi kautoa nje, kafa. Tukacheka. Akaamka akadai zamu yake, akanilenga mimi. Mara geti likagongwa, tukairudisha kwenye soksi mbio mbio, na jioni tukala wali maharage kama watoto wa Sunday school.

Kidole changu kilikuwa kwenye triga. Sikuvuta, na sitakudanganya kwamba nilikuwa na akili. Sauti ya mdomo ilinitosha tu.

Najua unachosema hapo ulipo: "Huyu alikuwa mtukutu, wa kwangu ana adabu." Haya, subiri kidogo nikupeleke Marekani. Kule ndiko bunduki za raia zinakadiriwa kuwa nyingi kuliko raia wenyewe, na ndiko walikoamua kulipima jambo hili badala ya kubishana.

Mwaka 2001 madaktari wa Atlanta walichapisha utafiti wao. Waliwachukua wavulana 64, wa miaka minane hadi kumi na mbili, wakawaweka katika makundi madogo 29. Kila kundi liliachwa chumbani kwa muda usiozidi dakika 15, madaktari wakichungulia kwenye kioo cha upande mmoja. Ndani ya droo walificha bastola mbili za kuchezea maji na bastola moja ya kweli, bila risasi. Makundi 21 yaliiona ile ya kweli. Makundi 16 yakaishika. Katika makundi 10, yupo aliyevuta triga.

Wamevuta, msomaji wangu! Na sasa sikia inayouma. Zaidi ya asilimia 90 ya wale walioishika au kuivuta walisema walishafundishwa habari za usalama wa silaha. Walishaambiwa "usiguse", kama mimi. Halafu wazazi walikuwa wameulizwa mapema kama watoto wao wanapenda bunduki. Yule ambaye mzazi alisema "wangu wala hana habari nazo" aliishika sawasawa na yule mwenye wazimu nazo. Maana yake mzazi hamjui mwanawe kwa kiasi anachodhani, angalau siku mwana akiwa peke yake na rafiki mbele ya droo.

Kuna jingine. Karibu nusu ya wavulana walioiona walidhani ni mdoli, au hawakuwa na uhakika. Usicheke. Sikukuu ikifika nenda Kariakoo uone bastola za plastiki zilivyopangwa, nyingine nyeusi tii, zinatisha hata mtu mzima. Mtoto amezoea kumlenga kaka yake na hiyo tangu asubuhi ya Idi, na kaka anaanguka na kuinuka. Atajuaje kwamba iliyo kwenye soksi ya baba haina mchezo wa kuinuka?

Sasa tuje kwa wakubwa, maana ndio nilikuwa nawatafuta.

Novemba 2021 huko Michigan, baba mmoja anaitwa James Crumbley alinunua bastola, na ilikuwa kama zawadi kwa mwanawe wa miaka 15. Kesho yake mama, Jennifer, akamtoa kijana kwenda kulenga shabaha. Siku nne baada ya kununuliwa, mwalimu akakuta kijana amechora bastola na mtu anayevuja damu kwenye karatasi ya hesabu, na maneno ya kuomba msaada. Wazazi wakaitwa shule. Wakaja, wakazungumza, wakaondoka. Hawakumchukua kwenda nyumbani, wala hakuna aliyefungua begi lake, si wazazi si shule. Bastola ilikuwa humo. Mchana ule wanafunzi wanne walikufa, wengine sita na mwalimu mmoja wakajeruhiwa.

Polisi walipokwenda nyumbani walikuta kufuli la waya la ile bastola, lile linalouzwa pamoja nayo, bado limo kwenye plastiki yake. Halijafunguliwa.

Mwaka 2024 mama na baba, kila mmoja na kesi yake, walitiwa hatiani kwa kuua bila kukusudia, wakapewa kifungo cha miaka 10 hadi 15 kila mmoja. Hawakuwapo shuleni, hawakushika silaha siku ile, lakini wamefungwa. Walikuwa wazazi wa kwanza Marekani kuhukumiwa hivyo kwa mauaji ya halaiki ya shuleni yaliyofanywa na mtoto wao.

Na wale wa "mimi naweka juu"? Januari 2023, Newport News, Virginia, mtoto wa miaka sita, naam, sita, aliingia darasani na bastola ya mama yake akampiga mwalimu wake. Mwalimu alipona, mama akaenda jela. Upelelezi ulisema bastola ilikuwa juu ya kabati, mtoto akapanda droo akaifikia. Wewe mwenyewe umesahau ulivyokuwa unaiba sukari?

Mwaka 2020 silaha za moto ziliipita ajali ya gari, zikawa namba moja kwa kuua watoto na vijana wa Marekani wa kuanzia mwaka mmoja hadi 19. Siku hizi majimbo mengi kule yana sheria inayombana mwenye silaha kama mtoto ataifikia. Florida ndiyo ilianza, mwaka 1989.

Hapa Bongo hatuko kwenye hesabu hizo, na tushukuru. Silaha haiuzwi kama vocha. Unaomba kibali, polisi wanakuchunguza, na ipo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Lakini hiyo ni mpaka getini. Ukishaingia ndani na leseni yako safi, anayebaki kuwa polisi ni wewe. Na leseni ile ina jina lako peke yako, haina la mkeo, haina la shemeji aliyekuja kutafuta kazi, haina la mwanao.

Wanaojua kazi hiyo wanasema hivi: silaha ikae bila risasi, ndani ya kitu kinachofungwa, risasi zifungiwe mahali pengine, na funguo akae nazo mwenye silaha. Hilo la risasi lina mtego wake. Wengi wanachomoa magazini wakadhani bastola imekuwa tupu. Si kweli. Risasi moja inaweza kuwa imeshapanda kwenye chemba, na hiyo haitoki na magazini. Hiyo ndiyo inayokuja kuwaua watu huku mwenyewe analia, "Nilitoa risasi zote!"

Halafu wewe ambaye huna silaha, usijione umepona. Mwanao si analala kwa binamu zake likizo? Uliza. Ndiyo, inaonekana umbeya, utaambiwa unajifanya mjuaji wa mjini. Mama yangu hakuuliza, wala simlaumu, nani angemuuliza shemeji yake swali kama lile?

Mimi nimeuliza, mwezi uliopita tu. Nilikwenda kumsalimia baba mdogo. Mzee ana mvi sasa, duka kamwachia binamu, na mtoto wa binamu, miaka minne, alikuwa anazunguka sebule nzima na bastola ya maji, anatupiga wote mmoja mmoja. Mimi na binamu tukaangaliana.

Nikajikaza. "Baba, samahani, ile kitu yako siku hizi unaiweka wapi?"

Mzee akatabasamu. "Nimenunua sefu, mwanangu. Mambo ya kisasa."

"Na funguo?"

Akaonyesha kwa kidevu. Nyuma ya mlango wa chumba, kwenye msumari, pamoja na za gari.

Hapo binamu ndiye aliyesema. Akaeleza yote: likizo ile, droo, nani alimlenga nani, nani alikufa kwanza. Alikuwa anaongea huku anaangalia chini kama mtoto wa darasa la tatu. Baba mdogo hakumkatiza. Alipomaliza, mzee akakaa kimya mpaka nikaona nimeharibu siku.

"Ilikuwa kwenye soksi nyeusi?" akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Ilikuwa na risasi," akasema. "Siku zote ilikuwa na risasi."

Akainuka taratibu akaenda kule mlangoni, tukasikia funguo zinalia. Aliporudi kukaa, ule wa sefu alikuwa anauingiza kwenye mfuko wa shati.