Maombolezo ya Waebrania na Misiba ya Ufipa

Katika misiba mingi ya Kikristo mjini Sumbawanga na katika vijiji vya uwanda wa juu wa Ufipa, kama ilivyo kwingineko Tanzania, mfiwa huambiwa ajikaze kwa kuwa kazi ya Mungu haina makosa, na maneno hayo, ingawa husemwa kwa upendo, humfanya aliyeumia adhani kwamba kumuuliza Mungu sababu ya mateso yake ni upungufu wa imani. Maandiko ya kale ya Waebrania, ambayo Wakristo huyaita Agano la Kale, hayaungi mkono dhana hiyo. Kati ya Zaburi 150, karibu theluthi moja ni maombolezo, yaani sala ambazo kwazo mtu mmoja au taifa zima humlalamikia Mungu waziwazi kuhusu ugonjwa, maadui, aibu, na hata ukimya wake yeye mwenyewe.

Zaburi ya 13 ina aya sita tu, lakini mwombaji wake anauliza mara nne mfululizo mateso yake yataendelea hadi lini, huku akimlaumu Mungu kwa kumsahau na kumficha uso. Kisha anaomba ajibiwe, na mwishowe, bila kuelezwa kwamba hali yake imebadilika, anatangaza kuwa anazitegemea fadhili za Mungu na atamwimbia. Tumaini la namna hii halisubiri maumivu yaishe, bali ni kuendelea kusema na yule anayeonekana kunyamaza. Zaburi ya 88 haina hata mgeuko huo. Inaishia gizani, na bado waliokusanya Zaburi hawakuiondoa.

Kitabu cha Maombolezo, kinachoililia Yerusalemu iliyobomolewa na Wababeli mwaka 587 kabla ya Kristo, kimepangwa kwa uangalifu mkubwa: sura ya kwanza, ya pili na ya nne zina aya 22 kila moja, zikifuata herufi 22 za Kiebrania, na ya tatu ina aya 66, tatu kwa kila herufi. Maneno ya tumaini yamewekwa katikati ya sura hiyo ya tatu, si mwishoni mwa kitabu, na kilio kinarudi baada yake.

Ufipa nao una historia ya kulia. Wangoni walioongozwa na Zwangendaba, aliyefia huko miaka ya 1840, waliivamia nchi hiyo, na baadaye misafara ya watumwa ikapita kuelekea pwani. Wamisionari wa Kikatoliki wa shirika la Wamisionari wa Afrika walipofika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, walipokea watu waliokombolewa utumwani. Na tangu 1889 hadi kufa kwake mwaka 1956, Adrian Atiman, aliyeuzwa utotoni karibu na Timbuktu na kusomea utabibu Malta, alihudumu hapo akiwa tabibu na katekista.

Jambo zito zaidi limo katika kitabu cha Ayubu. Marafiki wa Ayubu wanatafuta kosa lililomletea balaa, kama inavyotokea hadi leo ambapo mtoto akifa hutafutwa mkosaji, mara mzazi aliyetenda dhambi, mara jirani, aghalabu mama mzee, anayedhaniwa mchawi. Ayubu anakataa maelezo hayo na kupeleka mashtaka kwa Mungu mwenyewe, na katika sura ya 42 Mungu anawakemea marafiki na kusema kuwa Ayubu ndiye aliyenena sawasawa. Ni kweli kwamba zaburi nyingine huwalaani maadui kwa maneno makali, lakini hukumu huachwa mikononi mwa Mungu, na uchungu unaopelekwa huko hauhitaji kumtafuta wa kumpiga kijijini.

Kwa hiyo makatekista, wachungaji na viongozi wa jumuiya ndogondogo wanaoongoza sala za matanga wasiwanyamazishe wafiwa; wawasomee Zaburi ya 13 na ya 88 nzima, na wawaache walie.